‘Andika Nina Wivu’: Mama Vibuyu wa Ziwani na jirani aliyemshinda kwa mbegu zake mwenyewe

Saa kumi na mbili na dakika kumi jioni. Mvua ya vuli imekatika sasa hivi, matope yamejaa mlangoni, na Lydiah Wairuri amesimama juu ya kreti ya soda iliyopinduliwa, nyuma ya nyumba yake mtaani Ziwani, Nairobi. Mkononi ana ua jeupe. Analivua petali moja moja mpaka kinabaki kijiti chenye unga wa manjano, kisha anaunyoosha mkono kwenye ukingo wa paa na kukigusisha polepole kwenye ua lingine, lile lenye kibuyu kichanga nyuma yake, kidogo kuliko kidole gumba.

Anafunga uzi mwekundu kwenye kikonyo cha ua hilo. Anashuka, anapangusa mikono kwa leso, na kabla hajazungumza na mgeni wake anatupa jicho ng'ambo ya uzio wa mabati.

"Kwake viko kumi na vinne," anasema. "Kwangu hiki ni cha kumi na moja."

Anayehesabiwa vibuyu ni jirani yake, Batulo Mumin, ambaye wakati huo anaanua nguo upande wa pili bila habari yoyote.

Mwandishi alikuwa amekuja kuuliza mambo ya kilimo cha vuli katika mitaa ya zamani ya Eastlands: sukuma wiki kwenye magunia, madodoki yanayotambaa ukutani, vikapu vya mkonge vinavyosukwa jikoni mvua ikinyesha. Hayo yote Lydiah anayo. Lakini alipoulizwa kazi inaendaje, mama huyu wa miaka 59 hakuanza na mbolea.

"Andika nina wivu," alisema. "Usiniandikie ati ushindani mwema. Ushindani mwema ni wa watoto wa shule. Mimi nina wivu, tena ule wa kumkosesha mtu chakula."

Basi tumeandika.

Kiwanja cha Lydiah ni hatua tisa kwa tano, nyuma ya nyumba ya chumba kimoja na jiko, katika zile nyumba kuukuu ambazo kila mwaka watu husema zitabomolewa na kila mwaka watu hupanda tena. Kuna magunia manane ya mboga, kuku watatu, pipa la maji ya mvua, na mzabibu ambao haujawahi kuzaa lakini Lydiah hataki kuung'oa. Mwandishi anaishi orofa ya nne na mali yake yote ya kilimo ni mshubiri mmoja unaokufa ndani ya kopo la rangi. Alikiangalia kiwanja hicho na, kusema kweli, naye alimeza mate.

Mfalme wa hapo ni mbuyu tofauti kabisa na ule wa hadithi: ni mmea unaotambaa, unaopanda ukuta, unaofunika bati lote la jiko, na kuning'iniza vibuyu kama taa za sherehe. Lydiah amekuwa akiupanda kwa miaka ishirini na miwili. Hupanda mwishoni mwa Septemba, mvua za vuli zikija zinaukuta umeshashika, na mwezi wa pili huvuna.

Kazi yenyewe huanza hapo. Kibuyu hukaushwa wiki nyingi juu ya jiko, hukatwa shingo, hutolewa mbegu, hutiwa mchanga na kokoto na kutikiswa hadi utumbo wote utoke. Kisha Lydiah huketi na msumari uliotiwa moto na kukichora: matawi, ndege, mistari inayozunguka bila kukutana. Kikipasuka hakitupwi. Hushonwa kwa uzi wa mkonge, na wapo wateja wanaopenda vya kushonwa kuliko vizima.

"Cha kushonwa kinaonekana kimeishi," anasema.

Mumewe, Bedan, ni fundi wa ngozi sokoni Kariokor, na ndiye humkatia mikanda ya kuvibebea. Wateja wakubwa ni wapambaji wa ruracio, zile sherehe za Wagikuyu za kupeleka mahari, ambako uji hauwezi kumiminwa kutoka kwenye birika la plastiki wageni wakanyamaza. Kibuyu kimoja kilichochorwa vizuri hununuliwa Sh1,500, na vuli njema iliwahi kumpa ishirini na sita.

Lakini ukimsikiliza sana, utajua kwamba kinachomuuma si hizo pesa.

"Hapa mtaani mama anaitwa kwa mtoto wake," anasema. "Mama Kimani, Mama Koki, Mama nani. Mimi na Bedan Mungu hakutupatia. Nilipoingia hapa wakaniita Mama Bedan, unasikia? Kama aliyemzaa mume wake. Miaka mitatu nilivumilia. Halafu nikaanza vibuyu, na siku moja mtoto wa jirani akabisha mlango, akaniita Mama Vibuyu. Nilifunga mlango nikalia. Bedan akadhani nimeungua."

Jina likashika. Bucha wanalijua, kanisani wanalijua, hata barua moja ilimfikia ikiwa na jina hilo na neno Ziwani pekee.

Miaka mitatu iliyopita Batulo akahamia nyumba ya pili. Ana miaka 46, ni mzaliwa wa Garissa, mumewe Yonis huuza vitambaa kwa jumla Eastleigh. Alikuja na watoto wanne, mikeka sita, na tabia ya kuamka kabla ya kila mtu. Lydiah alimpenda papo hapo. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo walivyosema wahenga, na mwenyeji alimkaribisha mgeni kwa zawadi: mbegu saba za vibuyu zilizofungwa kwenye kipande cha gazeti.

"Saba," Lydiah anarudia. "Nilizichagua. Nilimpa nzuri. Nikikumbuka, roho inaniuma mpaka leo. Singempa hata moja, au ningempa zile zilizoliwa na wadudu."

Mwaka uliofuata, mtaa ulipata mulika mwizi, ule mlingoti mrefu wenye taa kali zinazomulika kila kichochoro. Waliokuwa wakipokonywa simu jioni walipumua. Aliyezunguka nyumba kwa nyumba kukusanya sahihi za kuomba taa hizo alikuwa Lydiah mwenyewe, na mlingoti ukasimikwa hatua ishirini kutoka jikoni kwake. Alijivuna wiki nzima.

Vuli hiyo mimea yake ilitambaa vizuri, ikatoa maua mengi, na vibuyu vichanga vikaanza kuonekana. Kisha vikageuka manjano, kimoja kimoja, vikaanguka. Kati ya maua yote hayo alipata vibuyu viwili.

Ng'ambo ya bati, kwa mbegu zilezile, udongo uleule na mvua ileile, Batulo alikuwa na kumi na vitatu.

"Nilikuwa nalala nikiviona," Lydiah anasema. "Bedan ananiuliza, mbona huli? Namwambia tumbo. Si tumbo. Ni kumi na vitatu."

Hapo ndipo lilipokuja neno lililoharibu kila kitu. Ilikuwa Jumanne, Lydiah anakumbuka, kwa sababu ndiyo siku ya mkokoteni wa maji. Alikuwa ameinama akiokota vichanga vilivyoanguka. Batulo akachungulia juu ya uzio, akaona, akasikitika, akasema kitu. Mkokoteni ulikuwa unapita na mitungi inagongana. Lydiah alichosikia ni hiki: "Mama Vibuyu, vibuyu vyako vioze!"

Aliinuka na kumtazama. Batulo akatabasamu, akaongeza: "Mimi vyangu nilivioza jana."

"Nikasema, huyu mama ananilaani mchana peupe, halafu anacheka," Lydiah anasimulia. "Hiyo ya pili sikuielewa vizuri. Nilidhani Kiswahili kimemshinda."

Aliingia ndani, na tangu siku hiyo hakumsalimia Batulo tena. Chai iliyokuwa ikivuka uzio kila saa kumi ilikoma. Batulo alituma sahani ya mahamri, ikarudi na mahamri yake yote, imefunikwa vilevile.

Halafu Lydiah akafanya jambo ambalo analitaja akiwa ameangalia kuku.

Kwao Murang'a, kibuyu kichanga hakinyooshewi kidole. Ukitaka kumwonyesha mtu, unakunja kidole au unaonyesha kwa ngumi. Kinyooshewe kidole kilichonyooka, kitaoza na kuanguka. Kila mtoto aliyelelewa huko amewahi kuchapwa kwa kosa hilo, na Lydiah alichapwa mara mbili.

Asubuhi moja, Batulo akiwa ameenda sokoni, Lydiah alipanda juu ya kreti, akapitisha mkono juu ya mabati, na kuvinyooshea kidole vibuyu vya jirani. Hakukurupuka. Alianza kushoto akaenda kulia, kimoja baada ya kingine, vyote kumi na vitatu, na kile kikubwa alikirudia.

"Kisha?"

"Kisha nikangoja. Siku tatu. Wiki. Hakikuanguka hata kimoja. Vilinenepa! Wallahi, kama anavyosema mwenyewe, vilinenepa. Hapo ndipo wivu ulinishika barabara. Mtu hata laana haimshiki?"

Bedan, ambaye wakati wa mazungumzo haya ameketi mlangoni akipaka ngozi mafuta, anakohoa kidogo. Yeye ana kesi yake katika faili hii. Mwezi wa pili Batulo alipovuna, alimwendea Kariokor na kumwomba amkatie mikanda. Bedan akakata, mikanda kumi na mitatu.

"Mteja ni mteja," anajitetea.

"Mteja ni mteja," Lydiah anamwiga. "Ulimkatia ngozi ya mbuzi. Mimi unanikatia ya ng'ombe."

"Ya ng'ombe ndiyo ngumu, mama."

"Ya mbuzi ndiyo nzuri."

Mazungumzo hayo, ni wazi, yameshafanyika mara nyingi.

Pigo la mwisho lilitoka kwa Kate, mpambaji wa sherehe kutoka Makongeni ambaye amekuwa mteja wa Lydiah kwa miaka mingi. Mwaka jana alikuja na gari kuchukua vibuyu. Alikuwa amepoteza namba ya simu, basi akauliza njia pale bucha. Kijana wa bucha akamwonyesha mlango wa Batulo.

Kate mwenyewe, alipopigiwa simu, hakuficha. "Nilimshow tu anipeleke kwa Mama Vibuyu, akanishow ni hapo kwa wale Wasomali," alisema. "Nikapata viko, viko fiti, nikabeba. Sikujua kuna noma. Mathe Lydiah akinipigia simu alikuwa analia, aki. Nilihisi vibaya."

Lydiah alikuwa dirishani. Aliliona gari likifika, akavaa kitambaa kipya kichwani, akatoa viti. Gari likapita mlango wake. Aliona vibuyu vikibebwa kutoka nyumba ya pili, na mikanda ya mumewe ikining'inia.

"Yeye ana Kawsar," anasema, na sauti yake inashuka. "Ana Bilan, ana Hamse, ana yule mdogo. Anaweza kuitwa Mama Kawsar asubuhi na Mama Bilan jioni. Mimi nina jina moja. Sasa hata hilo achukue?"

Ingekuwa hadithi ya majirani wawili wasioongea, na Eastlands ina hadithi za aina hiyo kila ploti, kama isingekuwa harusi.

Mwezi wa sita mwaka huu Kawsar, kifungua mimba wa Batulo, aliolewa na kijana wa Pumwani. Hema lilifungwa kwenye uwanja kati ya nyumba. Jirani kutoalikwa ni aibu, na aliyealikwa kutokwenda ni aibu zaidi, kwa hiyo Lydiah alikwenda. Alikaa upande wa wanawake, nyuma kabisa, sahani ya pilau mapajani, akitafuta kasoro kwenye pilau na asiipate.

Kwa kuwa bwana harusi na watu wake ni wa Kiswahili, sheikh alifungisha ndoa kwa Kiswahili, na sauti ikaletwa kwa wanawake kwa kipaza sauti. Lydiah anaikumbuka neno kwa neno: "Nimekuoza Kawsar binti Yonis, kwa mahari mliyokubaliana."

"Nikaacha kijiko," anasema. "Nikasema moyoni, ala! Amemuoza? Msichana wa watu, siku ya harusi yake, anaambiwa ameoza? Nikangoja vita vianze. Wanawake wakapiga vigelegele!"

Alimgeukia mama aliyekaa karibu naye na kumuuliza, kuoza ni nini. Yule mama akamtazama kama anayetaniwa. Kuoza, akasema, si ndiyo kumpa mtu mke? Baba anamuoza binti yake. Sheikh anawaoza. Sisi sote hapa tuliozwa.

Lydiah alikaa na sahani yake. Nairobi watu huoa, huolewa, hufunga harusi, hufanya arusi, huja-tu-wakaishi. Miaka yote hiyo hakuwahi kusikia mtu akiozwa. Batulo, kwa upande wake, alijifunza Kiswahili akiwa mtoto kwa mwalimu wa madrasa aliyetoka Lamu, na hakujua kwamba kuna mahali neno hilo lina maana moja tu, ile inayonuka.

"Hakusema vioze," Lydiah anasema polepole, akilitamka kila herufi. "Alisema viozwe. Kulikuwa na w. Mkokoteni wa maji ulikula w yangu."

Anazungusha uzi mwekundu kidoleni.

"Mimi nilidhani Kiswahili kimemshinda. Kumbe kilikuwa kimenishinda mimi."

Hakungoja keki. Alimtafuta Batulo nyuma ya hema, mama wa bibi harusi, amevaa dhahabu, jasho linamtoka, anahesabu masufuria. Akamshika mkono.

"Mama Kawsar, ile siku. Ulisema vioze au viozwe?"

Batulo ndiye anayesimulia sehemu hii, kwa sababu Lydiah hukataa. "Kwanza sikuelewa," anasema, akiegemea uzio na kikapu cha nguo kiunoni. "Harusi ya mtoto wangu, na huyu ananiuliza habari ya vibuyu! Aliponieleza, nilikaa chini, juu ya mtungi, na nguo zile. Nilicheka mpaka wanja ukaniharibika. Kisha nikalia. Wallahi, mwaka mzima na nusu huyu mama hanisalimii, na mimi kila siku najiuliza, nimemkosea nini? Nilidhani ni dini. Nilidhani hapendi watu wetu. Kumbe ni w."

Siku tatu baada ya harusi, Batulo alivuka na kumfundisha.

Alichokuwa akikifanya alikijua tangu utoto, kutoka shamba la matikiti la shangazi yake Fartun, ukingoni mwa Mto Tana. Nyuki wakipungua, wanawake walipita shambani wakichukua ua dume na kuligusisha kwenye ua jike. Walikuita hivyo, kuoza maua. Tofauti ni kwamba tikiti huozwa asubuhi na kibuyu huozwa jioni, kwa maana ua lake jeupe hufunguka jua likizama.

Kwa nini basi miaka ishirini vibuyu vya Lydiah vilijiozea vyenyewe? Batulo alimpeleka mlangoni jioni ile, akamwambia atazame juu. Kwenye mulika mwizi, wakizunguka taa kwa mamia, walikuwa nondo.

"Wachumba wako wale," Batulo alimwambia. "Zamani walikuwa wanakuja kwa maua. Sasa wana disko."

Lydiah alisimama pale akiwaangalia. Ndiye aliyeomba taa ile, kwa sahihi sitini na mbili, na hata sasa hawezi kusema izimwe, kwa sababu wasichana wanafika nyumbani salama. Alicheka kidogo, anasema, kicheko cha mtu aliyejikwaa mbele ya watu.

Ndipo naye akakiri la kidole. Batulo alishangaa.

"Kidole? Mimi huvinyooshea kila siku nikivihesabu!"

Mtu angedhani wivu uliishia hapo. Mwandishi alidhani hivyo, akaanza kufunga daftari, akaambiwa alifungue.

"Umezidi," Lydiah anasema. "Zamani nilikuwa namchukia, na mtu unayemchukia humwonei wivu sana, unamwombea tu mabaya. Sasa nampenda. Kila kibuyu nikipata ni kwa sababu alinifundisha. Amenishinda kwa mbegu zangu, halafu akanishinda kwa utu. Nimebaki na nini? Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: yule mama ni mzuri. Hiyo nayo inaniuma."

Hii ndiyo vuli yake ya kwanza ya kuoza maua, na ameipania. Kila jioni yuko juu ya kreti. Kila ua lililokubali lina uzi mwekundu. Anataka apite kumi na vinne, na anataka Kate, atakapokuja mwezi wa pili, aonyeshwe mlango wake kwa sababu ndiko viliko vingi.

Lakini wiki iliyopita Yonis alikodi nyumba Fedha, kule Embakasi. Watoto wamekuwa wakubwa, chumba hakitoshi. Familia itahama mwisho wa Desemba. Vibuyu havikomai mpaka Februari.

Habari hiyo ingemfurahisha mtu yeyote mwenye kijicho cha kawaida. Jirani anaondoka, mlango wa pili unafungwa, jina linarudi kwa mwenyewe. Lydiah hakulala.

"Najua jina litanirudia," anasema. "Litanirudia kama leso mtu ameisahau kwenye kamba. Sitaki jina la kuokota. Nataka nimshinde akiwa hapa, anaona. Ukimshinda mtu ambaye hayupo, umemshinda nani?"

Giza linaingia. Mulika mwizi inawaka kwa mlio mdogo. Lydiah anaenda kwenye uzio, na mbele ya mwandishi anasema jambo ambalo Bedan anaapa hajawahi kumsikia akilisema.

"Mama Kawsar, si mngengoja tu Februari?"

"Yonis ameshalipa nyumba, Mama Vibuyu. Na Januari shule zinafunguliwa, watoto wanaanza huko."

"Basi vyako nani ataviangalia?"

"Wewe." Batulo anaingiza mkono mfukoni mwa dera, anatoa ufunguo wa geti la nyuma, anaupitisha juu ya mabati. "Nyumba itabaki na mizigo ya Yonis mpaka Machi. Uingie, uviangalie, uvune."

"Mimi? Wewe unajua nina wivu. Kikianguka hata kimoja mtasema ni mimi."

"Najua una wivu. Ndiyo maana nakupa. Mwenye wivu hakosei hesabu."

Lydiah anautazama ufunguo. Anaufunga kwenye pindo la leso, mafundo mawili.

Baadaye, Lydiah akiwa jikoni, Batulo anamwita mwandishi karibu na uzio na kupunguza sauti. "Anafikiri ni yeye peke yake," anasema. "Umeona vile anachora? Mimi nikichora kibuyu, utasema kuku amepita juu yake. Kate alinunua vyangu kwa bei ya chini, akampelekea mtu mwingine avichore. Nimemwangalia huyu mama kwa dirisha miezi na miezi, nikitaka kuiba ule mkono. Na mumewe anakaa naye jioni! Wangu akirudi kulala ndiyo namwona. Usimwambie."

Mwandishi hakumwambia. Atasoma hapa.

Mpango Lydiah anao tayari. Ataoza maua mpaka wiki ya pili ya Desemba, kisha ataacha mimea ipumzike ilishe ilichobeba. Februari atavuna pande zote mbili za bati, vyake na vya Batulo, na atavitenganisha, vyake upande wa kuku, vya mwenzake upande wa pipa. Batulo ameahidi kuja Jumamosi ya kwanza ya mwezi huo kushuhudia.

Na asipokuja? Watu huhama, barabara ni ndefu, shughuli huwa nyingi.

Lydiah anaokota petali zilizoanguka, anazitupia kuku, anakaa juu ya kreti.

"Nitavitia vyote kwenye magunia, niende navyo Fedha," anasema. "Ameniambia ni orofa ya tano. Nitapanda. Nitavimwaga mlangoni kwake, tuvihesabu hapo, majirani wake watoke waone."

Kisha anaangalia ng'ambo ya bati, ambako taa ya jikoni imewashwa na harufu ya iliki imeanza kupita.

"Na nikimaliza kuhesabu sirudi siku hiyo. Anipe chai na mkeka. Hao watu wa Fedha watakuwa wamemfaidi mwezi mzima peke yao."